Someni na Ukurasa wa Kulia

Barua ya wazi kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, Bunge la Taifa, Nairobi

Kutoka karakana ya seremala, Kisauni, Mombasa
Desemba 2025

MINTARAFU: GHARAMA ZA ANAYEJIAJIRI MBELE YA USHURU

Waheshimiwa,



Mzee aliyenifunza useremala hakukaa shule miaka mingi. Lakini kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuswali, alikuwa akipangusa benchi kwa mkono, akatoa daftari lake la jalada gumu na kuandika. Ukurasa wa kushoto aliuita "yaliyoingia", wa kulia "yaliyotoka". Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa akituambia, na mwanafunzi aliyeona uvivu kuandika hakupewa ufunguo wa kasha la zana. Jirani akipita na kumuuliza, "Biashara je, fundi?", mzee hakujibu mpaka awe ametazama kurasa zote mbili. Kusoma wa kushoto peke yake, alisema, ni kama kumsikiliza bwana harusi akijisifu bila kumuuliza mkewe.

Mzee ametangulia mbele ya haki. Benchi nimelirithi mimi, pamoja na daftari na tabia. Ninatengeneza vitanda, makabati na madawati ya shule, na mara mojamoja, mteja akiwa na fedha na subira, samadari ya kuchonga. Nawaandikia kwa sababu sheria ya ushuru wa mapato, kwa jinsi inavyomgusa mtu anayejiajiri katika kazi ndogo, hufungua daftari langu, husoma ukurasa wa kushoto, kisha hulifunga.

Najua Mswada wa Fedha huwafikia ifikapo mwisho wa Aprili, na mwezi Mei mnatuita tutoe maoni. Wakati huo maneno ya mswada huwa yamekwisha kupigwa randa, yamepakwa na vanishi. Nimeonelea niandike sasa, mbao ikiwa bado haijapimwa.

Waheshimiwa, mtu wa kazi yangu ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita shilingi milioni 1 na hayajavuka milioni 25 ana milango miwili ya kuingilia ofisi ya ushuru. Wa kwanza ndio anaoelekezwa: ushuru wa mauzo, ule sote tunaouita TOT. Ni asilimia 3 ya kila kilichoingia, na hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama haziulizwi. Mlango wa pili ni wa kumwandikia Kamishna kwamba huutaki huo wa kwanza, utozwe kwa faida kama watu wengine: mauzo yatolewe gharama, kinachobaki kipande ngazi za ushuru, kuanzia asilimia 10.

TOT si mgeni kwetu. Ulianza mwaka 2008 kwa asilimia 3. Mwaka 2019 tukaletewa ushuru wa kukisia, asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara, nao haukuishi sana. Mwaka 2020 TOT ukarudi, na korona ilipobisha hodi ukashushwa hadi asilimia 1. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaupandisha tena hadi 3, na dari yake ikateremshwa kutoka mauzo ya milioni 50 hadi milioni 25. Katika kupanda na kushuka huko kote, jambo moja halikuguswa: ukurasa wa kulia.

Sitaki kuusingizia. TOT ni mwepesi kuuelewa, na kuna watu unaowafaa. Kinyozi anayelipia kiti, stima na wembe, kisha kingine chote kikawa chake, asilimia 3 ya mauzo ni nafuu kwake kuliko ngazi za ushuru wa faida. Anayeumia ni yule ambaye fedha humpitia mkononi bila kukaa: mwenye duka la rejareja, muuza samaki anayenunua alfajiri na kuuza adhuhuri, mshonaji, seremala. Kwetu sisi mauzo ni maji ya mfereji. Ukiyapima yanavyopita utadhani nina kisima.

Niruhusuni nifungue daftari. Hesabu hizi nimezifanya duara ili zisomeke, lakini ziko karibu na mwaka wangu wa kawaida.

Ukurasa wa kushoto: mauzo ya mwaka mzima, shilingi 1,800,000. Kwa mwezi ni 150,000.

Ukurasa wa kulia: mbao 780,000. Bawaba, vitasa, misumari, gundi, msasa na vanishi 230,000. Vibarua wa kupiga msasa na kubeba 240,000. Kodi ya karakana 120,000. Tuktuk na mkokoteni 70,000. Stima 40,000. Leseni ya kaunti na misumeno mipya 50,000. Jumla 1,530,000.

Kilichobaki kuwa changu, cha unga, karo na dawa, ni 270,000. Ukigawa kwa miezi 12 ni 22,500.

Sasa mchukueni mwajiriwa anayelipwa mshahara huohuo wa 22,500 kwa mwezi. Asilimia 10 ya mshahara wake ni 2,250, na nafuu ya kibinafsi ambayo sheria humpa kila mkazi ni 2,400 kwa mwezi. Ushuru wake ni sufuri, na hakuna anayeona ajabu. Mliamua wenyewe kwamba mtu wa kipato hicho aachwe apumue. Mimi niliye na kipato kilekile, kwa kuingia mlango wa TOT, nitalipa asilimia 3 ya 1,800,000. Ni shilingi 54,000, yaani moja ya tano ya chote nilichopata mwaka mzima. Nafuu ya kibinafsi mlango huo hauijui.

Na hapo nimetaja mwaka mzuri. Kuna mwaka hoteli moja ya huku pwani iliagiza viti 40 na meza zake. Nikanunua mbao, nikaweka vibarua, kazi ikafika nusu, wageni wakapungua, oda ikafutwa. Viti niliviuza kimojakimoja kando ya barabara, chini ya bei ya mbao zake, kwa kuwa mvua ilikuwa inakaribia na sina ghala. Mauzo ya mwezi ule yalionekana makubwa. Nikayalipia asilimia 3 kufikia tarehe 20 kama raia mwema. Nililipa ushuru wa mapato juu ya hasara. Mwenye kampuni akipata hasara huibeba mwaka unaofuata akapunguziwa. Hasara ya mwenye TOT huishia kifuani mwake.

Mtaniambia: basi fundi, si upite mlango wa pili? Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinakuruhusu kutoa kila gharama iliyotumika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Toa gharama zako, ubaki na 270,000, ushuru wako uwe sufuri kama wa mwajiriwa.

Nilidhani hivyo. Kisha nikasimama kizingitini nikaona kilichowekwa pale. Tangu Januari 2024, kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS, ule mtambo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, haikubaliwi kutolewa, hata kama kila mtu mtaani aliniona nikiilipa. Na Mamlaka ya Ushuru imetangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama tunazojaza zitalinganishwa na kumbukumbu zake za kielektroniki. Siupingi mtambo. eTIMS ninayo kwenye simu, na mteja akitaka risiti humpa. Ninachowaomba ni mtembee nami asubuhi moja ya manunuzi, muone risiti zinapatikana wapi.

Duka la vifaa lina eTIMS. Bawaba na gundi zangu ziko salama. Stima iko salama. Mishahara sheria yenyewe imeitoa katika sharti hilo. Lakini mbao nyingi sizinunui dukani. Nyingine nanunua kwa wapasuaji wadogo wanaoleta mzigo kwa lori la kukodi na kuuondoa siku hiyohiyo. Nyingine zinatokana na mbao za kupakilia mizigo bandarini, ambazo vijana huzibomoa, huzing'oa misumari na kutuuzia kwa vipande. Mnazi na mvinje hutoka mashambani, kwa mzee ambaye umri wake na wa simu yake unakaribiana. Mwenye banda ninamofanyia kazi ni mama mjane. Nikimlipa kodi huniandikia kikaratasi na kuniombea dua. Mwenye mkokoteni mikono yake yote miwili iko kwenye mkokoteni.

Tufanye hesabu ya mlango huu basi. Katika mbao za 780,000, zilizopatikana kwa ankara ni za 70,000 tu. Mbao za 710,000, kodi ya banda 120,000 na usafiri 70,000 havina eTIMS. Jumla 900,000 zimefutwa. Gharama zilizokubaliwa ni 630,000. Kwa macho ya sheria, faida yangu si 270,000 tena. Ni 1,170,000.

Zipandisheni ngazi. Shilingi 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000. Zilizobaki 782,000 kwa asilimia 30 ni 234,600. Jumla 288,400. Ondoeni nafuu ya kibinafsi ya mwaka, 28,800. Ushuru wangu ni shilingi 259,600.

Katika faida ya kweli ya 270,000, nitabaki na 10,400. Hizo ndizo za mwaka, na wanangu ni wanne.

Waheshimiwa, ndiyo maana nimesema milango ni miwili. Wa kwanza ni mfupi, unapita umeinama. Wa pili ni mrefu na mpana, ila umepigiliwa misumari. Fundi mwenye akili zake hurudi kwenye ule mfupi, au, kama wengi wanavyofanya, hazunguki mbele ya nyumba kabisa. Hukaa nyuma, kwenye jua, asionekane. Mkishangaa kwa nini zaidi ya kazi 8 kati ya 10 nchini, ukiacha kilimo kidogo, ziko katika sekta ya jua kali, na makusanyo kutoka huko ni haba, jibu moja ni hili. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliyolifanya neno la sekta isiyo rasmi lijulikane ulimwenguni kwa kutoa mfano wa Kenya, tumekuwa tukiambiwa tutoke juani tuingie ndani. Tupo tayari. Lakini anayemkaribisha mgeni huangalia kwanza kama mlango unafunguka.

Najua kuna jambo mmelifanya, na si uungwana kulinyamazia. Desemba 2024 mlirekebisha sheria ili mnunuzi aweze kumwandikia ankara muuzaji mdogo, yule ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5. Ni wazo jema, na mkulima aliyepeleka mazao kiwandani limemsaidia. Kwangu mimi linakwama mahali pawili. Ankara hiyo yahitaji PIN ya muuzaji, yaani namba yake ya ushuru, na yeye mwenyewe aikubali. Nikimwomba PIN kijana wa mbao za bandarini, kesho atamuuzia seremala asiyemwomba kitu. Na mpasuaji mwenye lori, mauzo yake huenda yanapita milioni 5 ingawa faida yake ni kiduchu kama yangu. Huyo siruhusiwi kumwandikia, naye haandiki. Hapo mzigo wa kuisajilia Mamlaka walipa ushuru nimetwishwa mimi seremala, na faini ya kushindwa nailipa mimi.

Sasa niwaonyeshe kwamba ninayoomba si mageni kwenu. Katika Sheria ya Fedha ya 2025 mliongeza posho ya safari isiyotozwa ushuru, ya mwajiriwa anayetumwa kikazi nje ya kituo chake, kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku. Sheria haimdai mtu huyo risiti za chai ya asubuhi wala za bodaboda ya kutoka stendi. Imekubali, na ni kweli, kwamba mtu akiwa safarini hutumia fedha, na si kila shilingi ina karatasi. Imekisia kiasi cha haki, ikaufunga mjadala. Nami nikitoka Kisauni kwenda Kilifi kufunga makabati siku tatu, ninakula, ninalala, ninapanda matatu. Njaa ya mwajiriwa na yangu zinatofautianaje?

Vivyo hivyo katika michango. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kuhesabiwa. Mimi nalipa mchango wa afya kwa kukadiriwa kipato cha nyumba yangu, asilimia 2.75, kisha TOT hukatwa kwenye mauzo yaleyale mazima, kana kwamba mchango sikutoa. Na mwenye kiwanda akinunua mashine ya kuzalishia bidhaa, sheria humruhusu kutoa asilimia 50 ya thamani yake mwaka wa kwanza wa kuitumia. Nikinunua randa ya umeme kwa fedha za mkopo, TOT hauioni randa, huona vitanda tu.

Katiba yetu, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Sikusoma sheria, lakini haki ya mizani naijua kwa kazi: ukipima mguu mmoja wa meza na kuacha mitatu, meza haitasimama hata ukiipaka vanishi ya namna gani.

Wengine walishaliona hili. Ufaransa, mwenye biashara ndogo ya kujiajiri aliye katika mpango wa kawaida wa biashara hizo haulizwi risiti za gharama: anayeuza bidhaa huhesabiwa kwamba asilimia 71 ya mauzo yake ni gharama, na anayeuza huduma za kibiashara asilimia 50, hutozwa kwa kilichobaki. India, mfanyabiashara mdogo anayechagua mpango wa makadirio huhesabiwa faida ya asilimia 8 ya mauzo, na asilimia 6 kwa mauzo yaliyolipwa kielektroniki. Wale wa taaluma, kama daktari na mhandisi, huhesabiwa nusu. Kila nchi ina namba zake na kasoro zake, ila msingi ni mmoja: serikali imekubali kuwa ukurasa wa kulia upo, hata pale ambapo haiwezi kuusoma mstari kwa mstari.

Kwa hivyo ninaomba manne.

La kwanza, wekeni makato ya jumla kwa anayejiajiri ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Anayenunua malighafi au bidhaa na kuuza, ahesabiwe asilimia 80 ya mauzo kuwa gharama. Anayeuza jasho na ujuzi wake, kama kinyozi, mfasiri au fundi wa simu, asilimia 50. Kinachobaki kipande ngazi za kawaida, na nafuu ya kibinafsi iheshimiwe. Msidhani natafuta kukwepa. Kwa mauzo yangu ya 1,800,000, faida ingehesabiwa 360,000. Ushuru wake kwa ngazi ni 46,800, na nikiondolewa nafuu ya 28,800 nitalipa 18,000. Ni zaidi ya sufuri ambayo daftari langu la kweli lingenipa, na nitailipa bila kinyongo, kwa sababu ni ada ya usahili: hakuna anayenikimbiza kwa risiti, nami simkimbizi mjane wa watu. Anayeona TOT unamfaa aachiwe TOT wake.

La pili, kwa anayetaka kutozwa kwa gharama halisi, kubalini kumbukumbu ya malipo ya simu kuwa ushahidi wa manunuzi madogo pale muuzaji asipokuwa na eTIMS, mradi jina la aliyelipwa, tarehe, kiasi na kilichonunuliwa viwe vimeandikwa daftarini. Mpaka wa kiasi mtauweka ninyi. Katika nchi ambayo hata mkokoteni hulipwa kwa M-Pesa, karatasi ya fedha yangu ipo tayari, imeandikwa dakika na sekunde. Mamlaka nayo itafaidika: kila nitakapomtaja niliyemlipa, itamjua mtu ambaye leo haimjui. Imtafute yeye kwa utaratibu wake, isinitoze mimi kwa niaba yake.

La tatu, zana za kazi za mtu mdogo ziruhusiwe kutolewa zote mwaka zinaponunuliwa, awe anatozwa kwa faida au kwa mauzo. Keekee, cherehani, kinyolea na jiko la kuokea mikate ndizo mashine za viwanda vyetu. Wekeni dari ili mtu asipitishe gari la starehe kwa jina la zana.

La nne, chaguo kati ya milango miwili lifanywe mwisho wa mwaka, daftari likishafungwa. Nilicholipa kwa TOT mwezi hadi mwezi kihesabiwe kama malipo ya awali. Nikionyesha kwamba nilipata hasara, kibebwe mwaka unaofuata. Januari mimi sijui kama kutakuwa na wageni Agosti. Hata nyinyi hamjui.

Kuna pingamizi, na nimezisikia hata hapa baraza ya kahawa. Ya kwanza ni kwamba mafundi wataandika uongo. Baadhi yetu tayari tunaandika. Nimewahi kuombwa na mteja nimwandikie risiti ya makabati mawili ilhali amenunua moja, ili akapunguziwe kwake. Nilikataa, akaenda kwa mwingine. Lakini tazameni uongo huo unazaliwa na nini. Sheria inapothamini karatasi kuliko gharama, karatasi yenyewe huwa bidhaa, na ankara hewa hupata soko. Makato ya jumla hayana karatasi ya kughushi. Anayedanganya atabaki na njia moja tu, kuficha mauzo, na huko ndiko eTIMS na malipo ya simu yana macho makali.

Ya pili ni kwamba hazina itapoteza. Kwa fundi mmojammoja kama mimi, ndiyo: kutoka 54,000 hadi 18,000. Lakini ushuru ule wa 54,000 mnaupata kwa fundi mmoja aliyejitokeza, huku majirani zake hawaonekani. Mtaani kwangu mafundi wanaogopa PIN kuliko wanavyoogopa msumeno wa umeme, na wanaosema hivyo si wezi. Wamepiga hesabu niliyoipiga hapa. Wapeni hesabu wanayoweza kuieleza wake zao jioni bila aibu, muone kama hawatakuja.

Ya tatu huletwa na mafundi wenzangu, nayo ndiyo ngumu: kwamba ushuru wenyewe hauonekani unakokwenda, barabara ni hizihizi, basi tulipe nini? Baada ya maandamano ya mitaani ya Juni 2024, hadi Mswada wa Fedha wa mwaka ule ukaondolewa, siwezi kulifanya swali hilo dogo. Ila si la barua hii. Mtu anayelipa kwa haki ana sauti ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Anayejificha nyuma ya nyumba hana, na labda hilo nalo kuna wanaolipenda.

Waheshimiwa, nina mwanafunzi hapa, kijana wa miaka 20, mkono wake mwepesi na hesabu anaziweza kunishinda. Yeye ndiye mwandishi wa daftari siku hizi. Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya kumwonyesha tulichotakiwa kulipa, aliutazama ukurasa wa kushoto, akautazama wa kulia, akaniuliza, "Fundi, huu mwingine tunamwandikia nani?"

Mzee wangu angemjibu kwa ukali kwamba tunajiandikia wenyewe. Nami nilifungua mdomo kusema hivyo, nikaufunga, maana kijana hakuuliza kwa uvivu. Aliuliza kama mtu anayepima mbao kabla ya kuikata. Ataondoka siku moja akafungue karakana yake, na atakuwa na daftari la kurasa mbili au la moja, kutegemea atakachoona kinasomwa.

Leo ni Ijumaa. Nimemwambia aandike: misumari, kilo 2, mkokoteni, mara 1, kodi ya banda, ya mwezi. Ameandika, tena kwa mwandiko mzuri. Akaniuliza tena, safari hii kwa macho tu. Nimemwambia kuna watu Nairobi nimewaandikia barua, asubiri.

Ni mimi wenu mwaminifu,

Fundi seremala,
Kisauni, Mombasa